Tulifika Mikumi saa saba mchana

Lango la Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hufunguliwa saa 12 asubuhi. Sisi tulisimama mbele yake saa 7 na dakika 10 mchana, watu 15 ndani ya Coaster, jua utosini. Askari wa zamu alitupokea kwa ukarimu wote, kisha akatuambia ukweli: "Karibuni sana ndugu zangu. Ila wanyama nao wameshaingia kivulini, mngewahi kidogo." Tulikuwa tumeamka saa 9 usiku, safari ilikuwa imekula zaidi ya milioni moja na laki nne, na zilikuwa zimebaki saa tano kasoro kabla ya lango kufungwa saa 12 jioni.

Mwaka uliofuata baadhi yetu tulirudi, tukaingia saa 12 na robo asubuhi. Nayaandika haya kwa anayepanga kwenda na marafiki zake akitokea Dar es Salaam, aone saa sita na ushei zilipotelea wapi na ilitugharimu nini kuzipata tena.

Mikumi inawavuta watu wa Dar kwa sababu ya lami. Barabara kuu ya kwenda Iringa hadi Zambia inaipasua hifadhi kwa takriban kilomita 50, na lango liko pembeni mwa barabara hiyohiyo. Kutoka Dar ni kilomita 280 na kitu. Mtu anagawa 280 kwa 80, anapata saa tatu na nusu, anatangaza kwenye kundi la simu kwamba tukitoka saa 11 alfajiri basi saa 2 na nusu tuko ndani. Hesabu hiyo ni ya gari lisilokutana na mtu. Barabara ya Morogoro ndiyo inayobeba malori ya Zambia na Kongo, ina vijiji vyenye kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi nyuma ya mwembe, na gari lenye uzito wa kuanzia tani 3.5, Coaster ikiwemo, linapaswa kuingia mizani. Kuna mizani Vigwaza, kuna mizani Mikese, na siku za malori mengi foleni yake peke yake inaweza kula nusu saa. Chukua wastani wa kilomita 50 kwa saa, pamoja na kusimama. Ukipata zaidi, shukuru.

Lakini kabla ya barabara kuna fedha, na fedha ndiyo iliyotuchelewesha kwanza.

Gharama za safari kama hii ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndilo kosa la waweka hazina karibu wote. Ziko zinazofuata idadi ya watu: kiingilio cha Mtanzania mtu mzima, ambacho tulilipa shilingi 5,900 pamoja na kodi, halafu chakula na maji, tuliyoyakadiria shilingi 15,000. Na ziko ambazo haziulizi mko wangapi. Sisi tulikuwa na kukodi gari 650,000, dizeli 320,000, kiingilio cha gari na mwongozaji 130,000. Jumla milioni 1.1, muwe watu 10 au 22. Tulikuwa tumehesabu watu 22, kila mmoja 50,000 ya gari na 20,900 yake mwenyewe, yaani 70,900, tukatangaza mchango wa 75,000 tukijiona tumejiwekea akiba nzuri. Waliosema "nipo, niandike" walikuwa 22 kweli. Waliolipa hadi Alhamisi usiku walikuwa 15. Kwa watu 15 gharama halisi inapanda hadi 94,233 kila mmoja, na upungufu wa jumla ni 288,500. Fedha hiyo ilitafutwa Ijumaa usiku kwa simu, watu wawili wakakopesha, na gari likalipiwa saa 5 usiku badala ya mchana. Mwenye gari akakataa kulijaza mafuta kabla ya kuona fedha zake. Ndiyo maana mafuta tulijaza Morogoro asubuhi, saa ambayo tulipaswa kuwa tunawatazama simba.

Siku hizi tunapiga hesabu kwa kugawa gharama za gari kwa waliolipa, na siku ya mwisho ya kulipa ni siku kumi kabla. Siku hiyo ndipo ukubwa wa gari unapoamuliwa: watu 13, Hiace, watu sita, Noah. Asiyelipa hadi siku hiyo hatumnunii, tunamwombea heri. Na anayejitoa baadaye harudishiwi sehemu ya gari, anarudishiwa ya chakula na kiingilio tu. Ni vizuri hilo lisemwe mapema na kwa maandishi, kwa sababu kumwambia rafiki jambo hilo baada ya kujitoa ni kutafuta ugomvi.

Gari lenyewe lina mambo yake. Coaster ina sifa moja kubwa porini: viti viko juu, madirisha ni mapana na yanafunguka, mtu wa kila upande anaona. Ina kasoro tatu. Ni ndefu, karibu mita saba, kwa hiyo haigeuki kwenye njia nyembamba. Ikikutana na tembo aliyeziba njia, inarudi kinyumenyume. Mkia wake umening'inia nyuma ya magurudumu, unagonga kwenye mifereji ya maji inayokatiza njia. Tena, ikitambaa kwa gia ya kwanza na ya pili saa nzima ndani ya joto, injini iliyochoka huchemka. Yetu ilichemka mara moja. Kwa hiyo siku mbili kabla, mtu anayejua magari aende akalitazame gari, asitumiwe picha. Atazame rejeta na mipira yake, feni, mkanda wa feni, tairi zote pamoja na ya akiba (tairi ya akiba ya magari mengi ya kukodi ni tairi iliyostaafu), jeki na spana ya magurudumu, breki, na kila kioo kama kinashuka na kupanda. Lita 10 za maji ya rejeta ziwe kwenye dumu lake, lisichanganywe na la kunywa.

Kama gari ni daladala ya mjini, muulize mwenyewe kama ameliombea kibali cha kukodiwa nje ya njia yake. Bila kibali, kila kituo cha trafiki kuanzia Kibaha kinageuka mazungumzo. Angalia pia uzito ulioandikwa ubavuni mwa gari na uunakili, kwa sababu kiingilio cha gari hifadhini hupangwa kwa uzito na kwa usajili: lenye namba za Tanzania hulipiwa kwa shilingi, lenye namba za nje kwa dola.

Na dereva. Kwenda saa sita, kurudi saa sita, porini saa nne au tano. Hizo ni saa kumi na sita au kumi na saba za mtu mmoja kwenye usukani, na mara nyingi ni mtu aliyeshusha abiria wa mwisho wa Gongo la Mboto saa 4 usiku wa Ijumaa. Lipieni madereva wawili, au mmoja wenu mwenye leseni ya daraja husika awe wa pili, alale njia ya kwenda. Sisi tulikuwa na mmoja. Njia ya kurudi, kati ya Mikese na Chalinze, dada aliyekaa kiti cha mbele aliimba kaswida kwa sauti saa nzima bila kupumzika ili suka asisinzie. Tulicheka kwa sababu tulifika.

Kuondoka tulipanga saa 10 alfajiri. Tuliondoka saa 12 kasoro robo. Sababu ni moja tu: gari lilikwenda kuwafuata watu. Lilianza Kigamboni, likaja Tabata, likapanda Tegeta, na kila nyumba ina mtu anayesema "dakika mbili natoka". Dar haizungukwi. Kituo kiwe kimoja, na kiwe njiani kuelekea Morogoro: Mbezi Mwisho au Kibaha Maili Moja. Anayekaa mbali alale kwa rafiki anayekaa karibu. Saa ya kuondoka ikifika, gari linang'oka. Likimsubiri mtu mmoja mara moja, safari ijayo litawasubiri kumi.

Chalinze tukasimama kunywa chai, watu 15 wakiagiza supu, chapati na mayai kwa mhudumu mmoja. Dakika 40. Chai ya njiani inywewe ndani ya gari, chupa mbili za lita tatu zinatosha watu 15 kwa vikombe viwili viwili vidogo. Kusimama kuwe kwa kuchimba dawa tu, dakika kumi, mahali penye choo. Wengine hudhani watachimba dawa mbele ya safari, na hawajui kwamba ukishavuka mpaka wa hifadhi hushuki kwenye gari, hata kama uko kwenye lami. Simba hasomi alama za barabarani. Choo cha mwisho cha uhakika kabla ya kuanza kuzunguka ni cha getini, kila mtu akitumie hata kama hajisikii.

Morogoro tulifika saa 4 na dakika 40, Msamvu tukajaza dizeli, saa 5 na robo tukatoka. Kilomita 640 za kwenda, kurudi na kuzunguka hunywa kama lita 100 kwa Coaster nzima ya afya. Jaza lita 110, na jaza usiku wa kuamkia safari. Porini usitegemee kununua mafuta.

Mkivuka mpaka wa hifadhi lami inaendelea ileile, lakini mwendo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Kuna matuta, kuna vibao, kuna faini kwa anayegonga mnyama, na faini hiyo hupangwa kwa aina ya mnyama. Sehemu hii hutoa wanyama mapema: nyani wamekaa kwenye ukingo wa barabara, pundamilia, twiga mmoja mmoja. Gari zima likapiga kelele na kila mtu akataka lisimame. Msisimame. Malori yanakuja nyuma yenu kwa tani 50, na hao nyani wamekaa hapo kwa sababu kuna watu huwarushia mikate na maganda kutoka madirishani. Nyani aliyezoea kulishwa huja kuomba katikati ya lami na huishia chini ya tairi.

Getini tulipoteza dakika 50, na hapa makosa yote yalikuwa yetu.

Kosa la kwanza, hatukuwa na orodha. Karani wa mapato huhitaji idadi ya watu wazima na watoto, uraia wao, namba ya gari na uzito wake. Tukaanza kuuliza majina ndani ya gari kama darasa la kwanza. Andaa karatasi moja: jina, uraia, aina ya kitambulisho, kisha chini yake namba ya gari na uzito. La pili, vitambulisho. Kiingilio cha 5,900 ni cha raia wa Afrika Mashariki anayeweza kujithibitisha, kwa mfano kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti. Watatu walikuwa wameacha vyao nyumbani. Wakasaidiwa baada ya kutafuta picha za vitambulisho kwenye simu za wake na waume. La tatu lilikuwa la ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kinatushinda sote, lakini amechukua uraia wa Uingereza. Getini pasipoti ndiyo inayosema, si lafudhi. Asiye raia wa Afrika Mashariki na asiye mkazi alilipa dola 30 na kodi yake, yaani dola 35.40. Kama mna ndugu aliyerudi likizo kutoka Muscat, London au Marekani, muulizeni mapema anashika pasipoti gani, tena muulizeni faraghani; getini mbele ya wenzake ni aibu isiyo na sababu.

La nne lilikuwa fedha taslimu. Nilikuwa nazo kwenye bahasha, zimehesabiwa, zimefungwa na mpira. Hazipokelewi. Hifadhi hutoa namba ya malipo, ile wengi huiita kontrol namba, nayo hulipiwa kwa kadi ya benki au kwa simu. Kwa hiyo nikaanza kuwaomba wenzangu wanaokubali kupokea noti wanitumie fedha kwa simu, mmoja laki, mwingine elfu hamsini, huku mtandao ukienda na kurudi. Tangu siku hiyo fedha za getini hukaa kwenye simu ya mtu mmoja na kwenye kadi ya mwingine, mitandao miwili tofauti, pamoja na makato ya kutuma.

Tukaingia saa 8 mchana.

Mwongozaji tuliyemchukua getini ndiye aliyeiokoa siku. Sisi tulitaka kwenda moja kwa moja kwenye uwanda wa Mkata, ule mpana ulioko kaskazini mwa barabara, kwa sababu ndio uliomo kwenye picha zote. Akakataa kwa upole. Akasema saa 8 uwandani mtaona nyasi na joto likicheza juu ya nyasi. Saa hizo fuateni maji.

Alikuwa sahihi, na kanuni yake inafaa kwa yeyote atakayechelewa. Simba, na wengine wengi wenye manyoya, hutembea alfajiri na jioni. Mchana hulala chini ya mti, na simba aliyelala kwenye nyasi za kiuno unaweza kumpita kwa hatua ishirini usimwone. Lakini kiboko hukaa majini mchana kutwa, kwa kuwa ngozi yake haivumilii jua. Mamba huota jua ukingoni. Tembo huja kunywa na kujipaka tope. Bwawa la Viboko liko kilomita chache tu kutoka getini, na kwa aliyefika amechelewa ndilo mahali pa kwanza. Kaeni pale dakika 30 msiondoke. Kiboko huzama, hukaa chini dakika kama tano, kisha huibuka na kupumua kwa kishindo kama breki ya lori. Wanaokaa dakika nne huondoka wakidai bwawa halina kitu.

Saa 10 jua lilipolegea ndipo akatupeleka uwandani. Na hapo akatufundisha kutazama. Usimtafute simba, mtafute anayemwona simba. Swala pala wanaokula, kila mmoja kichwa chake kinaelekea kwake, wengine mkia huku wengine mkia kule, hao hawana habari. Tulifika kwenye kundi ambalo wote, kama ishirini, walikuwa wamesimama masikio mbele, shingo ndefu, wanatazama kichuguu kimoja. Hakuna aliyetafuna. Dume moja likatoa mkoromo mkavu kama mtu anayepiga chafya huku amefumba mdomo. Mwongozaji akazima maongezi kwa mkono mmoja, akaomba injini izimwe. Tukasubiri dakika kumi na mbili. Mtu wa kiti cha nyuma akawasha spika yake ya muziki ili "tusiboeke", na lolote lililokuwa nyuma ya kichuguu likabaki nyuma ya kichuguu. Spika zibaki nyumbani. Porini kelele hairuhusiwi, na hata kama ingeruhusiwa, mmelipa 94,000 kila mmoja kuja kusikiliza mnachosikiliza Sinza bure.

Tulipokata kurudi kupitia msitu wa miombo wakaingia mbung'o, wengine huwaita ndorobo. Ni nzi wakubwa kidogo kuliko nzi wa jikoni, akitua hukunja mabawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na huuma kupitia shati jepesi. Hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na huvutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Tulikuwa tumeshona fulana za kikundi. Za bluu iliyokoza. Vaeni kaki, kijivu au udongo, mikono mirefu, kitambaa kizito. Kwenye miti funga madirisha, kwenye uwanda fungua. Dawa za mbu hazimtishi sana. Na mtu akipata homa baada ya safari, pamoja na kupima malaria amwambie daktari kwamba alikuwa hifadhini na aliumwa na mbung'o, kwa sababu mdudu huyo anaweza kuwa na vimelea vya malale, nayo haitafutwi kama hakuna aliyeitaja.

Kuhusu msimu, sisi tulikwenda Agosti na hilo tulipatia. Juni hadi Oktoba nyasi ni fupi, maji ni machache, wanyama wanakusanyika. Masika, Machi hadi Mei, Mkata hugeuka. Udongo wake mweusi wa mfinyanzi ukilowa hujaza mifereji ya tairi hadi tairi inakuwa laini kama chupa, na gari la kuvutwa na magurudumu ya nyuma tu linakaa chini hapohapo. Na hamshuki kusukuma: nyasi ziko juu ya kichwa. Mnabaki ndani mkisubiri askari waje kuwavuta. Masika nendeni na gari la kuvuta magurudumu yote manne au bakini kwenye njia zilizomwagwa changarawe.

Chakula. Mpishi wetu alipika wali wa nazi usiku, akaupakia moto kwenye hotpoti, akafunga. Ulikuwa mtamu saa 10 alfajiri. Saa 9 mchana tulipofungua, harufu ilitosha. Nazi huchacha upesi, na wali uliofungiwa na mvuke wake katika uvuguvugu kwa saa kumi na moja unaweza kuwalaza watu hospitali hata kama haujanuka. Kilichotushibisha ni mayai ya kuchemsha na viazi vitamu vya mama mmoja aliyebeba kwa tahadhari zake. Chukueni vikavu: chapati, maandazi, kuku wa kukaangwa hadi akauke bila mchuzi, mayai yenye maganda, viazi vitamu, karanga, machungwa. Kila mtu na kifurushi chake, ili chakula kisigawanywe kwa miiko porini. Maji lita tatu kwa kichwa. Katoni moja ya chupa 12 za lita moja na nusu ni lita 18, kwa hiyo watu 15 ni katoni mbili na nusu, nunua tatu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, bebeni vikapu, na taka zote zirudi na gari.

Tulitoka getini saa 12 kasoro dakika tano, Dar tukaingia saa 6 na nusu usiku.

Safari ya pili tulikuwa watu 12. Ijumaa jioni tulipanda treni ya SGR hadi Morogoro, 13,000 daraja la kawaida, chini ya saa mbili, hakuna mizani wala tochi. Tiketi zilikatwa mapema kwa majina, maana wikiendi hujaa, na kitambulisho kinahitajika. Tukalala Morogoro wawili wawili, 20,000 kila mtu. Saa 10 alfajiri Land Cruiser mbili tulizokodi palepale mjini, zenye paa la kufunguka, zikatuchukua mlangoni. Magari yote mawili na mafuta yake yalikuwa 900,000, yaani 75,000 kwa kichwa. Treni kwenda na kurudi 26,000, kiingilio 5,900, viingilio vya magari na waongozaji 10,000, chakula 15,000. Jumla, pamoja na malazi ya Morogoro, 151,900. Imezidi ile ya Coaster kwa karibu 57,700, sitaficha. Mwenye mfuko mwembamba anaweza kupunguza: akodi Hiace ya Morogoro badala ya magari ya utalii, na kiangazi itapita njia kuu zote. Ningepunguza gari, nisingepunguza usiku wa Morogoro.

Saa 12 na robo tuko ndani. Saa 1 kasoro tukawakuta simba majike wanne wakitembea katikati ya njia mbele yetu, wamelowa umande hadi tumboni, bila haraka. Tuliwafuata kwa mwendo wao kama robo saa, hadi jua lilipoanza kuchoma wakaingia kichakani mmoja baada ya mwingine. Yule wa mwisho alisimama akakojoa, akatutazama, akaingia. Kuanzia hapo ungepita na Coaster ya watu 26 usijue kama kuna kitu.

Saa 4 asubuhi tulikuwa Bwawa la Viboko tukimenya mayai ndani ya gari, madirisha yamefungwa na milango imetiwa komeo. Nyani dume mkubwa alilizunguka gari mara mbili bila kututazama usoni, akasimama kwa miguu miwili upande wa dereva, akashika kitasa, akavuta. Akaenda mlango wa pili, akavuta na huo. Halafu akaenda kwenye gari la wenzetu.